Mifupa ya Porini Ina Kwao

Ukitoka Dutwa, mkoani Simiyu, ukaelekea mashariki, ukaipita Bariadi, ukakata Pori la Akiba la Maswa na nyika ya Serengeti, unafika Olduvai. Hapo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia kwenye udongo. Yeye na mumewe Louis hawakukikurupukia. Walichimba taratibu, wakachekecha udongo, wakaokota vipande vya mfupa kwa mamia na kuviunganisha kimoja kimoja hadi sura ikapatikana. Leo mtoto wa shule anaweza kukwambia kwamba mwenye fuvu hilo, Zinjanthropasi, aliishi miaka milioni 1.75 iliyopita. Wataalamu waliweza hata kusema kwamba alikuwa ndiyo kwanza anaingia utu uzima, kwa sababu magego yake ya mwisho yalikuwa yameota lakini hayajasagika.

Sasa chukua mifupa ya mtu aliyefariki miaka mitatu iliyopita, ikaonwa na vijana wanaochunga ng'ombe kwenye korongo mojawapo la huku kwetu. Mwano, yowe la kuita watu, unapigwa. Sungusungu wanafika, mtendaji wa kijiji anapiga simu polisi, na kabla gari halijafika nusu ya kijiji imeshapita juu ya eneo lile. Mmoja ameligeuza fuvu kwa fimbo alione usoni. Mwingine ameokota kipande cha kitambaa akakitupa pembeni. Gari likifika, kinachoonekana kinaingizwa kwenye kiroba, na kisichoonekana kinabaki pale pale. Mganga wa zamu anaandika kwamba ni mifupa ya binadamu, jinsia haijulikani. Baada ya hapo ni kuzika tu.

Hoja yangu ni kwamba mtu aliyekufa juzi anastahili walau uangalifu ule ule tuliompa Zinjanthropasi. Na tunaweza kumpa, kwa sababu elimu ya kusoma mifupa si elimu ngeni iliyoletwa kwa ndege. Sehemu kubwa ya elimu hiyo imekulia kwenye ardhi hii hii ya Afrika Mashariki.

Kwetu watu hupotea kwa njia nyingi. Kijana anaaga kwamba anakwenda machimboni Geita, na baada ya miezi simu haipatikani tena. Mfugaji anafuata malisho hadi Katavi au Morogoro. Mzee aliyeanza kusahau anatoka asubuhi kwenda shambani, jioni harudi. Halafu kuna yale tusiyopenda kuyataja mbele ya wageni. Kuna vikongwe waliouawa kwa mapanga katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miti ya pamba na mavi ya ng'ombe kwenye nchi iliyoishiwa kuni. Kuna ndugu zetu wenye ualbino: tangu mauaji yaliposhika kasi mwaka 2007, wapo waliolazimika kuzika wapendwa wao chini ya zege ili mifupa isiibwe usiku. Mahali ambapo mfupa wa binadamu umewahi kutafutiwa bei, fuvu la porini si jambo la kumalizwa kwa sentensi moja ya mganga wa zamu. Huenda ni mgonjwa aliyepotea njia. Huenda ni mtu aliyeuawa. Huenda ni kaburi lililofukuliwa. Mambo hayo matatu ni tofauti kabisa mbele ya sheria, na mifupa yenyewe mara nyingi inaweza kuyatenganisha.

Mfupa uliolala juu ya ardhi hupauka, ukaanza kupasuka, na upande unaotazama jua huchakaa kabla ya ule uliogusa udongo. Uliozikwa hubeba rangi ya udongo pande zote na alama za mizizi iliyoukumbatia. Mwanasayansi wa kwanza kuupanga uchakavu huo kwa ngazi zinazoeleweka ni Anna Behrensmeyer, na alifanya kazi hiyo Amboseli, upande wa pili wa mpaka wetu na Kenya. Alifuatilia mizoga ya wanyama waliokufa miaka inayojulikana, akaangalia mfupa unavyobadilika mwaka hadi mwaka, na mwaka 1978 akachapisha ngazi sita, kuanzia 0 ya mfupa mbichi hadi 5 ya mfupa unaovunjika vipande vipande. Ngazi hizo zinatumika duniani kote. Polisi wa Marekani akitaka kukisia mifupa imekaa nje muda gani, mtaalamu wake anapima kwa kipimo kilichotengenezwa kwenye nyika yetu. Sisi tunaoishi chini ya jua lile lile hatuna hata mazoea ya kuipiga picha mifupa kabla ya kuinyanyua.

Udongo nao unasema, na hapa Msukuma ana cha kumfundisha profesa. Wazee wetu hawakungoja maabara kujua kwamba luseni, udongo wa kichanga, ni tofauti na itogolo, udongo mgumu, na itogolo ni tofauti na mbuga. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, nyufa zikafunguka hadi mkono unaingia. Kitu kilichozikwa humo hakikai kilipowekwa. Kinashuka, kinapanda, kinageuka. Mtu akikuta mkono umetengana na bega kwenye mbuga, asikimbilie kusema marehemu alikatwa. Huenda ardhi ndiyo iliyomsogeza. Kwenye luseni hilo halitokei kwa namna ile, lakini mchanga uliochujwa na mvua kwa miaka mingi huula mfupa haraka zaidi. Ongeza mchwa, ambao hutafuna mfupa na kuacha vijishimo na mikwaruzo, na fisi, anayeanza kwenye ncha laini za mifupa mirefu na kuburuza vipande mbali. Ndiyo maana mtaalamu haishii pale fuvu lilipo. Anatembea na watu kwa mstari, bega kwa bega, akiweka kibendera kila kinapoonekana kitu, na ramani ya vibendera hivyo humwonyesha mwili ulilala wapi kabla haujatawanywa.

Kinachofuata ni maswali manne au matano, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni kama huu ni mfupa wa mtu. Linaonekana swali la kitoto, lakini mbavu za mbuzi na vidole vya nyani vimewahangaisha watu wengi waliosoma. La pili ni watu wangapi: mafupapaja mawili ya kushoto ni watu wawili, hata kama fuvu ni moja. Mtu mzima ana mifupa 206. Anayejua hesabu hiyo anajua pia kipi hakipo, na kinachokosekana kinaweza kuwa ushahidi mzito kuliko kilichopo. Fikiria kaburi la mtu mwenye ualbino lililokutwa wazi, mifupa yote ipo isipokuwa ya mguu mmoja.

Jinsia inasomwa hasa kwenye fupanyonga. La mwanamke limepanuka kwa ajili ya uzazi, pembe ya mbele chini yake iko wazi zaidi, na bonde lile la nyuma karibu na kiuno ni pana. Mwaka 1969 mtafiti aitwaye Phenice alionyesha kwamba kwa kuangalia alama tatu tu za mfupa wa mbele wa nyonga, mtu aliyezoea anapatia jinsia kwa zaidi ya asilimia 95. Fuvu peke yake halifiki huko. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, mtaalamu mwaminifu anakataa kukisia.

Umri nao una milango yake. Kwa watoto, meno husema kwa ukaribu wa miezi. Kwa vijana, tunatazama ncha za mifupa mirefu, ambazo huwa zimetenganishwa na shina kwa gegedu na kisha huungana kwa zamu: kiwiko mapema, goti baadaye, na mwisho kabisa ncha ya mtulinga inayogusa kifua, ambayo huweza kungoja hadi mtu akaribie miaka 30. Mtulinga ambao haujaungana ni kijana, hata kama ndevu zilikuwa zimejaa. Baada ya miaka 40 kazi inakuwa ngumu, na anayekwambia kwamba mifupa hii ni ya mzee wa miaka 63 anakudanganya. Atakayekwambia kati ya 50 na 75 ndiye wa kuaminiwa.

Urefu hukisiwa kwa kupima fupapaja au muundi na kuingiza kipimo kwenye hesabu. Hesabu zinazosifika zaidi zilitolewa mwaka 1952 na Mildred Trotter na Goldine Gleser, kwa kutumia askari wa Marekani waliokufa Vita Kuu ya Pili na mifupa ya Wamarekani wengine. Lakini miguu ya watu haikupewa uwiano mmoja na kiwiliwili dunia nzima. Daktari wa Bariadi akichukua hesabu ya askari wa Missouri akampimia mkulima wa Dutwa, anaweza kukosea sentimita kadhaa, na sentimita kadhaa zinatosha familia kusema huyu si wetu, wetu alikuwa mfupi. Watu wa ukanda huu walilitambua tatizo hilo zamani. Denis Allbrook wa Makerere alichapisha mwaka 1961 hesabu za urefu zilizotokana na wanaume wa Afrika Mashariki, na Makerere hadi leo ina mkusanyiko wa mifupa unaojulikana kwa jina la Galloway, ambao watafiti huutumia kupima vipimo vya hapa kwetu. Tangu Allbrook imepita zaidi ya miaka 60. Lishe imebadilika, vizazi vimebadilika. Kazi ya kupima upya watu wa Kanda ya Ziwa ingeweza kufanywa na wanafunzi wa udaktari wa Mwanza kwa gharama ndogo, kwa kutumia picha za eksirei ambazo hospitali hupiga kila siku.

Nilitaja mapanga, na nataka kukaa hapo kidogo, kwa sababu ndipo haki inapopatikana au kupotea. Mfupa wa mtu aliye hai una unyevu na mafuta. Ukikatwa kwa panga, mkato unakuwa laini, kingo zake zinang'aa, na mara nyingine kipande kinapinda kama ubua mbichi kabla ya kuachia. Mfupa mkavu ukipigwa jembe unamomonyoka, kingo zinakwaruza, na zaidi ya yote mkato unakuwa mweupe. Sehemu nyingine yote imechukua rangi ya udongo kwa miaka, jeraha la jana halijapata muda wa kuchukua rangi. Mtaalamu mwenye kioo cha kukuza anaweza kusimama mahakamani akasema: mkato huu ulikuwepo wakati wa kifo, na huu mwingine ni wa jembe la mtu aliyechimba. Lakini kama waliochimba walichimba kwa pupa, wakapiga jembe juu ya jeraha lenyewe, wakili wa mtuhumiwa hatahitaji jitihada. Bibi aliyeuawa anauawa mara ya pili na jembe la serikali. Ni maneno makali, na sitayapunguza.

Utambuzi wa kukisia una hatari yake, na taifa hili lina mfano wake maarufu. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe. Haikurudisha. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Akachambua yale ambayo vipimo vyake vilifanana na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachagua moja lenye tundu la risasi. Ndilo lililokabidhiwa kwa Wahehe huko Kalenga mwaka 1954, na ndilo liko pale. Kwa elimu ya wakati ule haikuwa kazi ya ovyo. Lakini umbo la kichwa halitaji jina la mtu, na watu wangapi walipigwa risasi ya kichwa katika vita vile? Wahehe wamelipokea na kuliheshimu, na mimi naheshimu uamuzi wao. Ninachosema ni kwamba mashaka yamebaki kwa sababu njia iliyotumika haikuweza kuyaondoa.

Linganisha na kilichotokea Berlin miaka ya karibuni. Taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilichunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni, ikakuta 904 yanahusiana na Rwanda, 202 na Tanzania na 22 na Kenya. Kwa mafuvu machache yaliyokuwa na maandishi ya kutosha, walifuata familia za Kilimanjaro na Meru, wakachukua mate ya watu walio hai na kulinganisha vinasaba. Septemba 2023 walitangaza kwamba matatu yamepata ndugu zao. Mmoja wa marehemu alikuwa mshauri wa Mangi Meli, yule chifu wa Kichagga aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900. Zaidi ya miaka 120 ilikuwa imepita, na bado mfupa ulikumbuka ukoo wake. Basi tusiambiwe kwamba mifupa ya miaka mitatu iliyopita haiwezi kupata jina.

Kenya imejifunza kwa machungu. Kuanzia Aprili 2023 makaburi ya Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalipofukuliwa, ilitolewa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Kufukua kulikwenda kwa kasi kuliko kutambua. Familia zilitoa sampuli za vinasaba, zikasubiri, na miili 34 ya kwanza ilianza kukabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Watu walilala Malindi nje ya chumba cha maiti wakiuliza habari ya watoto wao. Nchi jirani yenye maabara, wanapatholojia na fedha nyingi kuliko sisi ilielemewa. Na sisi tuna Igoma, Mwanza, walikozikwa watu wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Wamo ambao hadi leo hakuna anayejua wamelala kaburi gani. Miaka 22 baadaye MV Nyerere ikapinduka Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa. Ziwa litachukua tena, barabara zitachukua tena, na kila mara tutaanza upya kama wageni wa msiba.

Najua kuna watakaosema kwamba kwa Msukuma marehemu hachezewi, kwamba kumpima na kumkata mfupa ni kumsumbua. Heshima hiyo ni ya kweli na ni yetu, lakini heshima gani inayomwacha mtu azikwe na halmashauri wakati mji wake upo na ng'ombe wake hawajagawanywa? Mjane hawezi kumaliza matanga ya mtu ambaye hana kaburi. Hajui aolewe au asubiri. Watoto wanagombana kuhusu shamba, mmoja anasema baba amekufa, mwingine anasema baba yuko Mpanda ameoa huko. Wazee wanapiga ramli, na ramli hailali bila kumtaja mtu. Ni mara ngapi kikongwe ametajwa kuwa ndiye aliyemfanya kijana apotee? Mfupa ukitambuliwa kisayansi, ukasema kijana aliangukiwa na shimo la dhahabu, unaweza kumwokoa bibi wa watu aliye hai. Kwa Simiyu hilo peke yake linatosha kuihalalisha gharama.

Na gharama si ya kutisha. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mwanza. Sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009. Hospitali ya Bugando ya Mwanza ipo, na inafundisha madaktari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia, na vijana wake wanajua kuchimba kwa mwiko na brashi, kuchora ramani, kuchekecha udongo. Kinachokosekana ni simu moja kati ya kituo cha polisi na watu hao, pamoja na agizo la maandishi kwamba mifupa haibebwi kwenye kiroba kabla hawajaulizwa. Watatu au wanne waliosomeshwa vizuri, wakikaa Mwanza na gari moja, wangeweza kuihudumia Kanda ya Ziwa nzima.

Kijijini pia kuna kazi, na haihitaji bajeti. Sungusungu wetu wanajua kulinda. Wakiambiwa kwamba kulinda mifupa ni kuweka miba kuzunguka eneo, kumweka mtu wa zamu, na kutomruhusu yeyote kuingia hadi mtaalamu afike, watafanya vizuri kuliko askari yeyote. Mtendaji awe na daftari la waliopotea: jina, umri, urefu, mkono uliowahi kuvunjika, jino lililong'olewa, aina ya viatu siku aliyoondoka. Mfupa uliovunjika ukaunga una kovu lisilofutika, lakini kovu halina faida kama hakuna aliyeandika kwamba fulani alianguka mwembeni akiwa na miaka 12.

Jambo la haraka kuliko yote ni mama. Vinasaba vya mfupa haviongei peke yake, vinahitaji ndugu wa kulinganishwa naye, na hakuna aliye bora kuliko mzazi au mtoto wa marehemu. Mifupa iliyochakaa mara nyingi hubakiza vile vinasaba vinavyorithiwa kwa upande wa mama tu, hivyo mama, dada wa tumbo moja au mama mdogo ndio wanaotafutwa. Wengi waliopoteza watoto miaka ya machimbo ya mwanzo ni wazee sasa. Sampuli yao ni pamba iliyopitishwa ndani ya shavu, ikakaushwa, ikawekwa kwenye bahasha na kuandikwa jina. Ofisi ya Mwanza inaweza kutangaza hata mwezi ujao kwamba inapokea sampuli za familia za waliopotea, kata kwa kata, ikianzia siku za mnada ambapo watu wako pamoja. Dutwa tutajaa.